Injini Inapotetemeka: Yafaa Kupima Kabla ya Kununua

Mfikirie mtu mwenye pikapu ya petroli ya kuchukulia kabeji kutoka Kinangop hadi sokoni Nairobi. Asubuhi moja anaiwasha, na injini ambayo jana ilinguruma sawasawa leo inatetemeka kama mtu mwenye homa. Akikanyaga mafuta, pikapu inasitasita. Akifika kilimani, haina nguvu. Rafiki wa kwanza amwambia kwamba plagi zimekwisha. Wa pili asema ni pampu ya petroli. Wa tatu, ambaye ana duka la vipuri, asema ni vyote viwili. Akiwasikiliza wote watatu, jioni atakuwa ametumia karo ya mtoto wake kununua vipuri, na kesho yake huenda pikapu ikaamka ikitetemeka vile vile.

Mtu huyo atakuwa amenunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Lakini mambo mengi yanayoitetemesha injini yaweza kutambuliwa nyumbani, kwa macho, masikio na spana chache, pasipo kutoa hata senti moja. Linalotakiwa ni kufuata utaratibu.

KAZI YA INJINI

Motokaa nyingi za petroli zina injini yenye silinda nne. Ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka, na kazi yake hutimizwa kwa mipigo minne. Kwanza silinda huvuta hewa na petroli. Pili pistoni huvigandamiza. Tatu cheche ya plagi huviwasha, na nguvu ya moto ule huisukuma pistoni chini. Nne moshi hutolewa nje. Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kutengeneza injini ya namna hii katika mwaka wa 1876, na ingawa mengi yamebadilika tangu hapo, mipigo hiyo minne ni ile ile.

Motokaa inaposimama huku injini yake ikizunguka mara 800 hivi kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400 kwa dakika. Silinda moja ikikosa kuwaka, tatu zilizobaki hubeba mzigo wa nne, na injini nzima hutikisika. Hapo ndipo mafundi wa mitaani husema kwamba gari "inamisi".

Ili silinda iwake vizuri inahitaji mambo matatu. La kwanza ni hewa na petroli kwa kipimo kilicho sawa, yaani karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani. La pili ni cheche yenye nguvu, itokayo kwa wakati wake. La tatu ni mgandamizo, yaani silinda isiyovuja. Karibu kila injini ya petroli inayomisi imepungukiwa na moja la mambo haya matatu. Kazi ya mwenye gari ni kujua ni lipi, na ni katika silinda ipi.

TAHADHARI KWANZA

Motokaa isimamishwe nje, mahali palipo tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gia imeondolewa. Kamwe injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajatambua kwamba amedhurika. Nguo zinazoning'inia na nywele ndefu ziwekwe mbali na mikanda na feni. Asivute mtu sigara karibu na petroli. Kadhalika, umeme wa plagi huzidi volti 10,000, kwa hiyo waya za plagi zisishikwe kwa mkono injini ikizunguka.

MASWALI YASIYO NA GHARAMA

Daktari mwema humwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Mwenye motokaa naye ajiulize: mtetemo huu hutokea lini?

Ikiwa injini hutetemeka gari likiwa limesimama, lakini hutulia likienda mbio, huenda kuna hewa inayopenya mahali pasipostahili, au kilango cha hewa kimejaa uchafu. Ikiwa ni tulivu gari likisimama, lakini hukata nguvu kilimani au likiwa na mzigo, yafaa kushuku cheche dhaifu au petroli isiyofika ya kutosha. Ikiwa ugonjwa huja siku za mvua na asubuhi zenye ukungu, huenda unyevu umeingia katika waya au koili. Ikiwa ulianza mara baada ya kujaza tangi, petroli yenyewe ichunguzwe. Na ikiwa ulianza baada ya gari kutoka kwa fundi, pengine mpira mmoja ulisahauliwa bila kurudishwa mahali pake.

Tena ni lazima kuhakikisha kwamba injini ndiyo yenye kosa. Injini hukalia mipira mizito inayozuia mtikisiko wake usifike kwenye bodi. Mipira hiyo ikichakaa, kiti na usukani hutikisika ingawa injini yenyewe ni nzima. Njia ya kutofautisha ni kusimama nyuma ya gari na kusikiliza bomba la moshi. Pumzi zikitoka kwa mfuatano ulio sawa, kama mapigo ya ngoma yasiyokosea, silinda zote zinawaka. Zikitoka kwa kusitasita, moja inakosa.

KUTAZAMA NA KUSIKILIZA

Baada ya maswali, boneti lifunguliwe. Chujio la hewa likiwa limezibwa na vumbi, kama ilivyo kawaida katika barabara za murram, injini haipati pumzi. Vichwa vya betri vikiwa vimelegea au vina ukoga mweupe, umeme wote wa gari huyumba. Waya zitazamwe kwa uangalifu, kwa maana panya hupenda joto la injini usiku, na waya iliyotafunwa mahali padogo tu yatosha kuinyamazisha silinda.

Kisha itazamwe mipira membamba ipelekayo hewa kwenye injini. Mipira hii hukauka na kupasuka kwa joto la miaka mingi. Ikipasuka, hewa isiyopimwa huingia, kipimo cha petroli huharibika, na injini hutetemeka, hasa gari likiwa limesimama. Mara nyingi ufa wa namna hii hutoa sauti ya kufyonza. Mtu achukue kipande kirefu cha mpira, aweke ncha moja karibu na sikio, na ile nyingine aipitishe polepole palipo na mashaka, akijihadhari na feni na mikanda, sauti itamwongoza. Wako watu wanyunyiziao petroli juu ya injini ili kuutafuta ufa. Jambo hilo lisifanywe kabisa, kwa kuwa tone moja likifika mahali penye moto mkali au kwenye cheche laweza kuliteketeza gari pamoja na mwenyewe.

KUITAFUTA SILINDA MVIVU

Ikiwa macho na masikio hayakuonyesha kitu, itafutwe silinda isiyofanya kazi.

Motokaa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 zina kompyuta inayoangalia mwendo wa injini na kuwasha taa ya onyo mbele ya dereva. Kifaa kidogo kiitwacho skana, kikichomekwa katika soketi iliyo chini ya usukani, husoma alama ambazo kompyuta imeziweka. Alama P0301 maana yake silinda ya 1 haiwaki vizuri. P0302 ni silinda ya 2. Na kuendelea hivyo. P0300 ni kwamba kosa linahamahama kati ya silinda. P0171 huonyesha kwamba hewa imezidi petroli. Lakini alama hizi hutaja mahali pa kutafuta tu. Alama P0303 haisemi "nunua koili". Inasema "tazama silinda ya 3".

Asiye na skana anayo njia nyingine. Katika injini ambayo kila plagi ina koili yake, injini izimwe, kisha plagi ya waya mwembamba uendao kwenye injekta ya silinda moja ichomolewe. Injekta ni kidude kinachonyunyizia petroli. Injini iwashwe na kusikilizwa kwa sekunde chache tu, kisha izimwe na waya urudishwe. Kama mtetemo umezidi, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Kama hakuna badiliko lolote, ndiyo mvivu anayetafutwa. Jaribio hili lifanywe kwa silinda moja baada ya nyingine. Likiisha, yawezekana taa ya onyo itawaka kwa sababu ya waya zilizochomolewa. Hilo si kosa jipya.

KUBADILISHANA KABLA YA KUNUNUA

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Tuseme silinda ya 3 ndiyo mvivu. Katika injini nyingi zenye silinda nne katika safu moja, silinda huhesabiwa kuanzia upande wa mikanda. Injini izimwe, koili ya silinda ya 3 itolewe na kuwekwa kwenye silinda ya 2, na ya 2 iwekwe kwenye ya 3. Injini iwashwe tena na kupimwa. Kama ugonjwa umehamia silinda ya 2, koili ndiyo mbovu, na hakuna shaka tena. Kama umebaki silinda ya 3, koili ni nzima. Basi zibadilishwe plagi kwa namna ile ile.

Mwenye pikapu wa Kinangop akifanya hivyo, na ugonjwa ukaifuata koili, atanunua koili moja tu. Pampu ya petroli, ambayo marafiki waliilaumu, itabaki mahali pake ikifanya kazi yake, na karo itabaki mfukoni.

Jambo moja lishikwe sana: kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha injini ijaribiwe. Mtu akibadili plagi, koili na chujio kwa pamoja, hata gari likipona hatajua lilikuwa na nini, na siku ya pili atanunua vyote vitatu tena.

PLAGI NI MASHAHIDI

Plagi zitolewe injini ikiwa imepoa, kwa sababu kichwa cha injini nyingi ni cha alumini, na nyuzi zake huharibika upesi zikiwa moto. Uchafu ulio kando ya plagi upulizwe kwanza, usije ukaanguka ndani ya silinda. Plagi zipangwe mezani kwa mfuatano wa silinda zake, kisha zitazamwe.

Plagi yenye ncha ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu imekaa katika silinda yenye afya. Nyeusi iliyokauka kama masizi huonyesha petroli nyingi kupita kiasi, au cheche dhaifu. Iliyolowa petroli haikuwaka kabisa. Iliyolowa oili huonyesha kwamba oili inaingia ndani, labda kwa kuchakaa kwa ringi za pistoni au sehemu za vali. Nyeupe yenye malengelenge imeungua kwa joto kubwa mno.

Nafasi ya kurukia cheche ipimwe na kulinganishwa na kitabu cha gari. Katika motokaa nyingi ni kati ya milimita 0.8 na 1.1. Plagi zenye ncha nyembamba za iridiamu zisisuguliwe kwa brashi ya waya. Wakati wa kurudisha, plagi izungushwe kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana itumike. Plagi mpya yenye washa huongezwa nusu mzunguko hivi. Iliyokwisha kutumika huongezwa kidogo sana. Anayekaza kwa nguvu zake zote hununua kichwa kipya cha injini.

HEWA NA PETROLI

Kilango cha hewa, ambacho hufunguka dereva anapokanyaga mafuta, hukusanya uchafu mweusi kwa miaka. Husafishwa kwa kitambaa na dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, injini ikiwa imezimwa. Kipima hewa, kilicho karibu na chujio, kina waya mwembamba sana; kisiguswe kwa kidole wala kitambaa, bali kinyunyiziwe dawa yake maalumu na kuachwa kikauke.

Kuhusu petroli, adui wa kwanza ni maji, ambayo mara nyingi hutoka katika madumu machafu. Kiasi kidogo cha petroli kikiwekwa katika chupa ya kioo na kuachwa kitulie, maji yataonekana chini. Adui wa pili ni watu wanaochanganya mafuta. Mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili uchanganyaji huo usiwe na faida. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiwaki kwa wakati wake: injini hugonga ikipanda mlima na plagi hujaa masizi. Dawa yake ni kumwaga na kujaza safi, si kununua injekta.

Motokaa za zamani zenye kabureta zina jambo lao. Zikiwa zimerekebishwa Mombasa, palipo usawa wa bahari, kisha zikapandishwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hukuta hewa iliyo nyepesi zaidi. Kabureta hutoa petroli kana kwamba iko pwani bado, moshi huwa mweusi na injini huzunguka kwa uzito. Kabureta irekebishwe kufuata mahali gari linapofanya kazi.

KAZI YA FUNDI INAPOANZA

Kama cheche ni njema, na hewa na petroli ni njema, limebaki jambo la tatu, nalo ni mgandamizo. Fundi mwenye kipimo chake huupima katika kila silinda. Silinda dhaifu kuliko zote isipungue robo tatu ya ile yenye nguvu kuliko zote. Akitia kijiko kidogo cha oili katika silinda dhaifu na kipimo kikapanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, kosa liko kwenye vali au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gasketi ya kichwa cha injini imeungua, hasa ikiwa maji ya redieta hupungua bila kuonekana yavujapo. Kazi hizi si za nyumbani, ila kwa mwenye vyombo na ujuzi.

Tena ziko dalili zisizoruhusu gari kuendeshwa. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, gari laweza kupelekwa polepole kwa fundi. Ikipepesa, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, asimame mahali salama na azime injini. Maana yake ni kwamba petroli isiyowaka inaingia katika bomba la moshi, na chombo cha kusafishia moshi kilichomo humo chaweza kupata joto kali hata kuharibika. Chombo hicho ni cha thamani kubwa, na gari lisisimamishwe juu ya majani makavu, kwa kuwa joto lake laweza kuyawasha. Vivyo hivyo taa ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukipanda hadi alama nyekundu, injini izimwe mara moja.

Mwenye motokaa akifika kwa fundi, asiseme tu "gari ni bovu." Aseme ugonjwa ulianza lini, hutokea wakati gani, silinda ipi ni mvivu, na vitu gani vimekwisha kubadilishana. Yote haya ayaandike katika karatasi. Kisha aombe kurudishiwa kila kipuri kilichotolewa. Fundi mwaminifu atafurahi kumpata mtu kama huyo, maana nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa. Na asiye mwaminifu atajua kwamba mteja huyu hauziwi pampu kwa ugonjwa wa koili.